Usiri wa Ujumbe Katika Simu Zetu: Maswali Matatu ya Mwandika Barua

Wazee wetu waliokimbilia Zaire na Sudani baada ya vita vya mwaka 1979 wanakumbuka jinsi habari zilivyosafiri siku zile. Mtu aliyetaka kumjulisha mama yake kwamba yu hai aliandika barua, akaikunja, akaifunga kwa gundi, kisha akamkabidhi dereva wa lori au mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka. Kabla ya kuiachia mkononi mwa mchukuzi, alijiuliza maswali matatu. Je, mchukuzi ataifungua njiani? Je, itapokelewa na mwenyewe, au na mtu anayejidai kuwa ndiye? Na huyo mwenyewe akiisha kuipokea, ataisoma mbele ya nani?

Leo barua hiyo imekuwa ujumbe wa simu. Kutoka Arua hadi Koboko, na kutoka Koboko hadi Ariwara au Kaya, unafika kabla mwandishi hajaiweka simu mezani. Kasi imebadilika, lakini maswali ni yale yale, na wengi wetu tumeacha kuyauliza. Mwananchi anayefika kituoni akilalamika kwamba simu yake imeingiliwa, mara nyingi hugundua, baada ya maelezo machache, kwamba aliyeufungua mlango ni yeye mwenyewe bila kujua. Somo la toleo hili linayarudia maswali hayo, moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: je, mchukuzi anaweza kuifungua barua?

Ujumbe mfupi wa kawaida, yaani SMS, hufanana na karatasi iliyokunjwa bila kutiwa gundi. Hupita katika mitambo ya kampuni ya simu ukiwa katika hali inayoweza kusomeka na mitambo hiyo. Hii haina maana kwamba yuko mtu aliyeketi akisoma salamu zako kwa shemeji yako. Maana yake ni kwamba SMS si mahali pa kuandika namba ya siri ya benki, wala habari za ugonjwa wako, wala jina la mtu unayemshuku kwa uhalifu.

WhatsApp hufanya kazi kwa namna nyingine. Tangu Aprili 2016, maandishi, picha, sauti na simu zinazopita humo hufungwa kwa ufundi uitwao usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho. Jina ni gumu, ila jambo lenyewe ni jepesi. Fikiria kwamba kila simu ina kufuli nyingi na ufunguo mmoja. Kufuli hugawiwa yeyote anayetaka kukuandikia, lakini ufunguo hautoki katika simu yako. Anayekuandikia hutia ujumbe katika sanduku, hulifunga kwa kufuli yako, na kulituma. Mitambo inayolibeba sanduku haina ufunguo, hata ile ya wenye WhatsApp wenyewe. Ufundi huo uliazimwa kutoka kwa watengenezaji wa programu ya Signal. Messenger ya Facebook ilianza kuufanya kuwa kawaida kwa mazungumzo ya watu wawili mwezi Desemba 2023. Telegram, ambayo wengi huidhani kuwa ya siri kuliko zote, huutumia katika mazungumzo ya siri tu, ambayo ni lazima mtumiaji ayaanzishe kwa makusudi. Mazungumzo yake ya kawaida na vikundi vyake havifungwi hivyo.

Hata hivyo, mambo matatu yabaki akilini. Kwanza, kufuli huficha yaliyomo, haifichi bahasha. Nani amemwandikia nani, na saa ngapi, ni mambo yanayoweza kujulikana. Pili, iko nakala ya akiba ambayo simu huihifadhi katika akaunti yako ya Google ili usipoteze mazungumzo simu ikiharibika. Nakala hiyo haifungwi kwa ufundi tuliouelezea mpaka mwenyewe uchague kuifunga, jambo lililowezekana tangu mwaka 2021. Tatu, kufuli haimkingi mtu ambaye simu yake yenyewe imeingiliwa. Mwezi Mei 2019 ilifahamika kwamba kasoro katika WhatsApp ilikuwa imetumiwa kupenyeza programu ya upelelezi iitwayo Pegasus katika simu za watu wapatao 1,400 duniani. Mwezi Desemba 2021 iliripotiwa kwamba simu za wafanyakazi wa serikali ya Marekani, wengi wao wakifanya kazi hapa Uganda, zilikuwa zimeingiliwa kwa programu hiyo hiyo. Silaha za namna hiyo ni ghali, na mkulima wa Maracha au mwendesha boda boda wa Arua hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili yake. Ila somo lake linatuhusu sote: ujumbe haukuvunjwa njiani, simu ndiyo iliyovamiwa. Kwa hiyo programu zikitaka kusasishwa, zisasishwe, kwa maana masasisho hayo ndiyo yanayoziba nyufa za namna hiyo.

Jibu la swali la kwanza, basi, linatia moyo. Mchukuzi wa leo ni mwaminifu kuliko dereva wa lori. Hatari kubwa iko mwisho wa safari.

Swali la pili: je, ni nani anayepokea mlangoni?

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Mama mmoja huuza vitenge Koboko na ni mweka hazina wa kikundi cha akiba chenye wanachama 30. Jioni moja anapata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwanachama mwenzake: "Dada, nimekosea, nimetuma namba fulani kwenye simu yako. Tafadhali nirudishie." Kweli, SMS yenye tarakimu sita imeingia. Mama wa watu, kwa moyo mwema, anairudisha. Dakika tano baadaye WhatsApp yake imezimika. Usiku ule ule wanachama wote wanapokea ujumbe wenye jina na picha yake: mtoto amelazwa hospitali, fedha zinahitajika mara moja, zitumwe kwa namba hii. Asubuhi anapokutana nao sokoni, fedha zimekwisha kwenda, na macho yote yako kwake.

Mwizi alifanyaje? Hakuvunja kufuli yoyote. Aliandika namba ya mama huyo katika simu yake mwenyewe na kudai kuwa ndiye mwenye akaunti. WhatsApp, ili kuhakikisha, ikatuma tarakimu sita kwa laini ya mama. Aliyeziomba kwa jina la mwanachama mwenzake alikuwa mwizi yule yule, maana akaunti ya mwanachama huyo ilikuwa imetekwa jana yake kwa hila hiyo hiyo. Ndivyo wizi huu unavyotembea, kutoka rafiki hadi rafiki, ukipanda juu ya kuaminiana kwetu. Katika mkoa wetu unapata njia pana zaidi, kwa sababu kila ukoo una mtu ng'ambo ya mpaka au katika makazi ya wakimbizi, na ombi la fedha za haraka si jambo la ajabu.

Kanuni ni fupi: tarakimu zinazotumwa kwa simu yako ni ufunguo wako, na ufunguo hauazimwi. Usimpe kaka, usimpe mchungaji wala shehe, usimpe afisa wa shirika la misaada, usimpe mtu anayejiita askari. Ofisi yetu haitakuomba tarakimu hizo kamwe.

Baada ya kanuni hiyo, jenga mlango wa pili. Ndani ya WhatsApp, fungua mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Utawekewa namba ya siri yenye tarakimu sita unayoichagua wewe. Kuanzia hapo, mwizi aliyepata tarakimu za SMS atakuta mlango wa pili umefungwa. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala namba ile ile ya fedha za simu.

Iko hila nyingine isiyojulikana sana. Mtu hukupigia na kukuagiza ubonyeze namba inayoanza kwa nyota, akidai kwamba utapata zawadi au kwamba mtandao utarekebishwa. Kumbe namba hiyo huelekeza simu zako zote kwake, pamoja na simu ya WhatsApp inayosoma tarakimu kwa sauti. Ukishuku kwamba umefanyiwa hivyo, bonyeza ##002# na kupiga. Amri hiyo hufuta maelekezo yote ya simu.

Tusisahau mlango wenyewe, yaani kifaa. Katika vijiji vingi vyetu simu huachwa kutwa nzima katika kibanda cha kuchaji, au kwa kijana anayetia nyimbo kwenye kadi, au kwa fundi. Mimi mwenyewe niliwahi kuteleza. Kioo cha simu yangu kilivunjika, nikamwachia fundi simu pamoja na namba ya kuifungua ili akijaribu kioo kipya. Wiki mbili baadaye binti yangu aliniuliza, "Baba, mbona WhatsApp yako iko wazi kwenye kompyuta pia?" Sikuwa na kompyuta yoyote niliyoiunganisha. Kwa wiki mbili, mtu nisiyemjua aliweza kusoma niliyoandikiana na familia yangu na na watu waliokuwa wameniamini. Nilikuwa na miaka mingi kazini, na hakuna aliyenivunjia chochote: nilimpa ufunguo kwa mkono wangu.

Tangu siku ile, kila Jumapili hufungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, iliyomo ndani ya WhatsApp, na kuona kama kipo nisichokifahamu. Kikiwepo, hukigusa na kukiondoa. Kazi hiyo haifiki dakika moja. Kutekwa kwa njia hii ni kubaya kuliko kule kwa tarakimu sita, kwa sababu simu yako haizimiki na hakuna kinachokushtua. Simu ikienda kwa fundi, itoe laini na kadi ya kumbukumbu, kaa karibu ikiwezekana, na ukiipata uikague.

Laini nayo ina kufuli yake ambayo wachache huitumia. Mwizi wa simu huitoa laini, huitia katika simu nyingine, na tarakimu zote za siri huanza kumfikia yeye. Ukiiwekea laini namba ya siri katika mipangilio ya usalama ya simu, haitafanya kazi katika simu nyingine bila namba hiyo; anayekosea mara tatu huzuiwa. Hakikisha pia laini imeandikishwa kwa jina lako. Wako wanaotumia laini iliyoandikishwa na shemeji, na jirani, au na mtu aliyekwisha kuhama. Siku ikipotea, anayeweza kuirudisha kwa kampuni ni yule mwenye jina, na pengine hayupo. Na ikitumika katika uhalifu, yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.

Mwisho katika swali hili, jihadhari na programu zinazogawiwa mkono kwa mkono. GB WhatsApp na ndugu zake si kazi ya wenye WhatsApp. Aliyezitengeneza humjui, nawe unamkabidhi mazungumzo yako yote. Vivyo hivyo programu za VPN, ambazo wengi wetu tulianza kuzisikia mwaka 2018 wakati wa kodi ya shilingi 200 kwa siku. VPN hupitisha mawasiliano ya simu yako katika mitambo ya mtu mwingine. Ikiwa ni ya bure, jiulize anayeiendesha analipwa kwa kitu gani.

Swali la tatu: itasomwa mbele ya nani?

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu hakuna kufuli inayoweza kusaidia. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kikundi cha WhatsApp chenye watu 200, kuna kata 200. Kila mmoja anaweza kupiga picha ya skrini, kusambaza, au kumwachia mtoto wake simu.

Fikiria mwananchi mwema aliyeona mifugo ya jirani ikiswagwa usiku. Asubuhi anaandika katika kikundi cha kijiji: "Nimemwona fulani na ng'ombe wa mzee fulani." Nia yake ni njema. Lakini katika kikundi hicho yumo kaka wa huyo fulani, naye hakuandika neno, amesoma tu. Jioni mshukiwa amevuka mpaka na ng'ombe hawaonekani tena. Na sasa shahidi anajulikana kwa jina, kwa namba ya simu na kwa nyumba. Wala asidhani kwamba kuandika kwa Kikakwa kunamficha. Wakakwa wanaishi Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Ujumbe huo unasomeka pande zote tatu.

Ushahidi ni wa kupelekwa polisi, haupelekwi katika kikundi. Piga 999 au 112 bila malipo, au nenda umwone mkuu wa kituo ana kwa ana, au mpelelezi anayeshughulikia shauri hilo. Kikundi cha kijiji kitumike kutangaza mkutano, mtoto aliyepotea kwa idhini ya wazazi wake, au barabara iliyokatika kwa mvua. Jina la mshukiwa lisiandikwe humo. Huyo uliyemtaja akiwa hana hatia, picha yake inaweza kufika mikononi mwa watu wenye hasira kabla haijafika kwa mpelelezi. Mtu akiuawa na umati, ujumbe hauwezi kumfufua, na kuufuta baadaye si toba.

Tahadhari iwe maradufu kwa watoto. Mtoto aliyedhulumiwa anadhulumiwa mara ya pili jina lake, shule yake au picha yake inapozungushwa, hata kama anayezungusha anasema anatafuta haki. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au fika katika kitengo cha polisi cha familia na watoto. Usiombe wala usitume picha ya jeraha lake katika kikundi.

Vilevile, usitume picha ya kitambulisho cha taifa au cha ukimbizi kwa kila anayekuahidi kazi au msaada. Picha hiyo ikipokelewa, hujui itatumika wapi. Na kwa yale usiyotaka yakae, ipo njia ya kuufanya ujumbe ujifute baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Njia hiyo inasaidia, ila haimzuii aliyekwisha kuupiga picha.

Sheria inasema nini, na askari je?

Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza kuingiliwa kwa faragha ya nyumba ya mtu, barua zake na mawasiliano yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamwadhibu anayeingia katika mfumo au data ya mtu bila idhini, anayelaghai kwa njia ya elektroniki, na anayemsumbua mwingine kwa njia hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawabana wanaokusanya habari zetu: waeleze wanazitaka kwa kazi gani, na wasizitumie kwa nyingine.

Wapo wanaouliza, na ni haki yao: je, polisi nao? Jibu ni kwamba sheria inatufunga sisi pia. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010 inayosimamia kunaswa kwa mawasiliano, kusikiliza mazungumzo ya mtu kunahitaji hati ya jaji. Askari anayetaka kupekua simu yako, mwulize kwa heshima jina lake, kituo chake, na sheria au hati inayomruhusu. Ukiona hujatendewa sawa, malalamiko yako yapelekwe kwa mkuu wa kituo au kwa kitengo chetu cha nidhamu, PSU. Tunaandika haya bila kusitasita, kwa sababu mwananchi asiyeamini kwamba siri yake itatunzwa kituoni hatatuletea siri inayoweza kuokoa maisha.

Ikiwa tayari umetekwa

Fanya mambo haya, tena kwa haraka.

1. Ifungue WhatsApp upya kwa namba yako na uandike tarakimu zitakazokuja kwa SMS. Mwizi hutolewa papo hapo. Akiwa amekwisha kuweka namba yake ya hatua mbili, huenda ukangoja siku 7 ili uingie, lakini naye hatakuwemo tena.

2. Wapigie simu ya kawaida viongozi wa vikundi vyako, wakuondoe katika vikundi na kuwaonya wengine. Usione haya. Aibu ya saa moja ni nafuu kuliko fedha za watu 30.

3. Ikiwa fedha zimetumwa, pigia kampuni ya simu mara moja na uombe zizuiwe.

4. Usifute kitu. Hifadhi namba, ujumbe, saa na kumbukumbu za malipo. Ndizo zitakazomwongoza mpelelezi.

5. Ripoti kituoni na upewe namba ya kumbukumbu ya shauri. Ikiwa simu imeibwa, njoo na namba yake ya IMEI yenye tarakimu 15. Bonyeza leo *#06# uinakili mahali salama, maana simu ikiisha kuibwa, hutaweza kuibonyeza.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kijiji au cha kikundi

1. Katika kikundi chetu cha akiba, mtu akiomba fedha za dharura kwa ujumbe, tutamtambuaje? Je, tukubaliane kwamba hakuna fedha itakayotoka kabla ya kusikia sauti yake kwa simu ya kawaida?

2. Ni wanachama wangapi kati yetu wenye laini isiyo na jina lao, nasi tutawasaidiaje?

3. Nani ni msimamizi wa kikundi chetu cha WhatsApp, na atafanya nini mtu akiandika jina la mshukiwa au akituma picha ya mtoto?

4. Kila mmoja afungue simu yake sasa hivi: je, uthibitishaji wa hatua mbili umewekwa? Aliyekwisha kuuweka amsaidie aliye karibu naye, bila kutazama namba yake.

Ndugu msomaji, mwandika barua wa mwaka 1979 hakuwa na mitambo ya kumlinda. Alikuwa na gundi, maswali matatu, na busara ya kujua amwandikie nani na amwandikie nini. Sisi tuna kufuli ambazo yeye hakuweza kuziota. Tukiongeza juu yake ile busara yake, barua zetu zitafika salama.

Tahadhari kabla ya hatari.

Makala hii imeandaliwa na Ofisi ya Uhusiano wa Umma. Maswali yenu kuhusu somo hili yaletwe kwa afisa uhusiano wa polisi na jamii katika kituo kilicho karibu nanyi. Kuuliza ni bure, na kuripoti shauri ni bure.